Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Maktaba Yetu na Madaftari ya Wazee

Wazee wetu, shikamooni. Walimu, wavuvi, akina mama wa sokoni na vijana wetu, karibuni Nansio, hapa kisiwani Ukerewe, katika mkutano mkuu wa chama chetu cha marafiki wa maktaba. Wenzetu mliovuka kutoka kisiwa jirani cha Ukara, poleni na safari. Tumekwisha kusimama kuwakumbuka wanachama waliotangulia mbele ya haki mwaka huu, na familia zao zilizokuja kukaa nasi leo nazishukuru sana. Mtunza hazina atasoma hesabu baada yangu, kwa hiyo habari za fedha namwachia yeye.

Mwaka huu kamati ilijipa kazi moja kubwa kuliko zote: kukusanya historia ya usomaji katika mji wetu wakati wanaoikumbuka bado wapo. Wazee tuliowahoji hawakuanza na jengo, rafu wala mkutubi. Karibu wote walianza na ngumbaru, yaani madarasa ya kisomo cha watu wazima.

Vijana huenda hamjui kwamba kisiwa chetu kilitajwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na ulipokwisha Mwalimu alitangaza wilaya sita ambazo zilitakiwa kuufuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kufikia mwisho wa 1971. Ukerewe ilikuwa mojawapo, pamoja na Mafia, Masasi, Kilimanjaro, Pare na Dar es Salaam. Huku Kanda ya Ziwa kulikuwa tayari na mradi wa majaribio ulioanza 1968, wenye makao yake Mwanza na kusaidiwa na UNESCO, uliofundisha kusoma kupitia kazi ya mtu: mkulima alijifunza herufi kwa maneno ya pamba, mvuvi kwa maneno ya samaki na nyavu. Kilikuwa kisomo chenye manufaa, na bibi mmoja alituambia kwamba neno la kwanza alilolisoma peke yake lilikuwa la shambani kwake.

Madarasa yalikaa chini ya miembe, kanisani, msikitini na katika ofisi za chama cha TANU. Wanafunzi wengi walikuwa wanawake. Ulipofanyika mtihani wa kwanza wa taifa, Agosti 1975, watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa wamepungua kutoka theluthi mbili hivi hadi asilimia 39. Kila mzee wa kisiwa hiki anayesoma leo gazeti bila kusaidiwa ana sehemu yake katika hesabu hiyo, na nataka wajukuu wao walio humu ukumbini walijue hilo.

Serikali iliona mapema kwamba aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma atasahau. Sheria ya huduma za maktaba ilikuwepo tangu 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967, lakini Dar es Salaam ni mbali na mtu wa Ilangala huku kisiwani. Ndiyo maana zikaanzishwa maktaba za vijiji: kabati au rafu chache za vitabu vya Kiswahili darasani au katika ofisi ya kijiji, na mwalimu wa kisomo ndiye mwenye ufunguo. Mwaka 1974 likaja na gazeti la vijijini la Kanda ya Ziwa, *Elimu Haina Mwisho*. Wazee wanasema gazeti moja lilisomwa na watu wengi, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza huku wakisuka nyavu au wakichambua mboga. Ubishi ulipozuka, msomaji aliambiwa arudie.

Kisha karatasi ikaadimika. Baada ya vita vya Kagera nchi ilibanwa kila upande, na magazeti ya vijijini yakachelewa, yakapungua, yakakatika. Kabati zikabaki na vitabu vilevile hadi mchwa wakavimaliza. Nalisema hili kwa sababu kila mara husikia ikidaiwa kwamba watu wetu hawapendi kusoma. Watu walikuwa pale pale. Kilichokatika ni vitabu vipya.

Nikija kwa mtu ambaye kisiwa hiki kinamdai heshima zaidi ya ile kiliyokwisha kumpa, namzungumzia mzee Aniceti Kitereza. Alizaliwa 1896, akasoma Kagunguli kwa mapadre kisha seminari ya Rubya, na kufikia 1945 alikuwa amemaliza kuandika kwa Kikerewe habari ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ndani yake mna maisha yote ya Wakerewe kama alivyoyapokea kwa wakubwa zake: posa, utasa na matibabu yake, kilimo, pombe, misiba, namna ya kumkaribisha mkwe. Hakupata mchapishaji, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe ni wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walimshauri aihamishie Kiswahili, naye, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, akakaa chini na kuitafsiri yote mwenyewe. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu 1980. Mzee Kitereza alifariki 1981, nakala zikiwa bado hazijamfikia mkononi.

Miaka mingi mswada ule ulikaa nyumbani. Nyumba ingeungua, mchwa wangeingia, mtoto angeyachukua makaratasi kuwashia moto, leo tusingejua kilichopotea. Kisiwa hiki kimemtoa pia Euphrase Kezilahabi wa Namagondo na Gabriel Ruhumbika, na vitabu vyao vinaazimwa hapa kwetu kuliko vingine vyote isipokuwa vya mitihani. Lakini ni Kitereza aliyeifanya kamati iulize: katika masanduku ya wazee wetu kuna nini?

Kuna mengi. Wanachama waliojitolea wamepita nyumba kwa nyumba, na walichokikuta ni madaftari ya shule yaliyojaa mwandiko wa watu waliojifunza kuandika utu uzima. Yapo yenye majina ya ukoo hadi babu wa kumi, na yenye mahari: ng'ombe wangapi, majembe mangapi, nani alikuwa shahidi. Mengine yanataja mvua za miaka ya mwanzo wa Uhuru, ziwa lilipopanda na kumeza mashamba ya ufukweni, au pamba iliyopelekwa kwenye chama cha ushirika na malipo yaliyopatikana. Yameandikwa kwa Kiswahili, Kikerewe, Kijita na Kikara, mara nyingine lugha mbili katika ukurasa mmoja.

Utaratibu wetu nauweka wazi ili asitokee mtu wa kulalamika baadaye. Daftari haliondoki kwa mwenyewe. Tunalipiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, mbele yake, kisha tunaandika jina la mwenye nalo, kijiji, mwandishi na mwaka kama unajulikana. Nakala moja inabaki maktaba, nyingine anapewa yeye. Mambo ya dawa na ya ugomvi wa koo hayafunguliwi kwa mtu mwingine bila ruhusa ya familia. Wapo waliokataa, na tumewaheshimu. Mzee mmoja alikataa mara ya kwanza, akaja mwenyewe baada ya wiki kadhaa na sanduku zima.

Sasa habari za chumba chetu cha kusomea. Jambo lililofanikiwa kuliko tulivyotarajia ni saa za usiku wakati wa mbalamwezi. Mnajua wenyewe: dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika. Zamani, kwa vijana wa mwaloni, yaani ufukweni panaposhushwa samaki, siku hizo zilikuwa za kukaa tu, au za kilabuni. Tukaamua kufungua usiku katika siku hizo, na mwalimu mstaafu akakubali kusoma kwa sauti kama walivyofanya wazee wa ngumbaru. Wanakuja. Wengine waliacha shule darasa la nne na wanaona haya kushika kitabu mbele za watu, lakini kusikiliza hakuna aibu, na wachache wameanza kuomba kitabu wakamalizie wenyewe.

Lipo na jambo lisilonipendeza, nalo ni maboksi ya misaada. Tunapokea vitabu vya Kiingereza vilivyochakaa, vya masomo yasiyofundishwa hapa na vya hadithi za theluji, navyo vinajaza rafu huku mwanafunzi wa sekondari akisubiri zamu ya kitabu kimoja cha Kiswahili. Kila anayetukumbuka tunamshukuru kwa moyo. Hata hivyo kamati inapendekeza kwamba kuanzia sasa tuombe orodha kwanza, tuchague, na tuseme hapana kwa adabu panapostahili. Ada zenu zitumike kununua vitabu vya Kiswahili, hata kama ni vichache.

Tumeanzisha pia jalada la magazeti yanayohusu kisiwa chetu. La kwanza kukamilika ni la MV Nyerere, kivuko kilichozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuchukua roho za watu zaidi ya 220. Familia kadhaa zimekuja kulitazama. Naomba litunzwe mahali pa utulivu, na mtu asilifungue kwa udadisi tu.

Paa linavuja upande wa ziwa, na unyevu umeanza kuleta ukungu kwenye rafu za chini. Mafundi wameliangalia. Miguu ya rafu tumeiweka katika makopo ya mafuta machafu kuzuia mchwa, nayo yanahitaji kukaguliwa kila mwezi. Mwanachama aliye jirani ajitolee leo.

Yatakayopigiwa kura baada ya chai ni haya: pendekezo la orodha ya misaada, matengenezo ya paa kabla ya masika, na ombi la kamati kwamba mwaka ujao timu ya madaftari ianze na Ukara, kwa kuwa wazee wa huko tumechelewa kuwafikia. Wenye masanduku nyumbani wajiandikishe kwa katibu, pale mezani mlangoni.