Mkilinganisha rangi za kamera, tuambieni mmepigaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe dukuduku langu juu ya ile makala ya kulinganisha kamera iliyotoka kwenye kurasa zenu za teknolojia. Mwandishi alipanga picha nne za mtu mmoja, kila picha na kampuni yake, kisha akatoa hukumu: hii rangi zake ni halisi, hii imepauka, hii ina unjano, hii inapendeza. Basi. Hakusema mwanga ulikuwa wa jua au wa taa, mizani ya weupe (mpangilio unaoiambia kamera nyeupe ni ipi chini ya mwanga uliopo) iliwekwaje, wala kama picha zilitoka kwenye kamera moja kwa moja au zilipita kwanza kwenye kompyuta. Msomaji anayejikusanya anunue kamera atafanya nini na hukumu ya namna hiyo?

Kazi yangu ni kurekebisha picha. Sipigi, naletewa. Harusi moja inaweza kuwa na wapigapicha wawili au watatu, huyu ana Canon, yule Nikon, mwingine Sony, na siku hizi wenye Fujifilm nao wamo. Wote wamesimama mbele ya bibi harusi yuleyule, saa ileile, halafu albamu inatakiwa ionekane imepigwa na mtu mmoja. Ukiifanya kazi hii kwa muda unaacha kuuliza kampuni gani ina rangi nzuri. Unaanza kuuliza rangi hiyo iliamuliwa wapi, na aliyeiamua alikuwa anamfikiria nani.

Kihisi cha kamera, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, hakioni rangi. Kila pikseli, yaani kila nukta yake, inapima wingi wa mwanga ulioingia, haijui kingine. Rangi inapatikana kwa sababu juu ya kila pikseli pamewekwa kichujio kidogo, chekundu, cha kijani au cha bluu. Mpangilio unaotumika kwenye kamera nyingi mpaka leo ni wa Bryce Bayer wa Kodak, ambao hataza yake, hati ya haki ya uvumbuzi, ilitolewa mwaka 1976: nusu ya vichujio ni vya kijani, robo vyekundu, robo vya bluu, kwa kuwa jicho la binadamu hutegemea zaidi eneo la kijani kutambua mng'ao na undani wa kitu. Fujifilm wana mpangilio wao, X-Trans, walioanza nao kwenye X-Pro1 mwaka 2012, lakini kanuni haijabadilika. Kila pikseli imepima rangi moja tu, na zile mbili zilizobaki programu inazikisia kwa kuangalia pikseli za jirani. Theluthi mbili ya taarifa za rangi kwenye picha ni makisio. Ni makisio mazuri ajabu, sikatai, lakini mtu anayetamka neno "halisi" angelikumbuka hilo kwanza.

Vichujio hivyo havifanani kati ya kampuni na kampuni, wakati mwingine hata kati ya modeli mbili za kampuni moja, na hakuna vinavyoupokea mwanga sawasawa na jicho. Hapa tofauti ya kimaumbile ipo, siikani. Vitambaa viwili vinavyofanana machoni vinaweza kutoka tofauti kwenye kamera, na viwili vinavyotofautiana vikatoka sawa. Kampuni huliziba pengo hilo kwa hesabu: namba zinazogeuza kile kilichopokelewa na vichujio kiwe rangi tunayoijua sisi. Zirekebishe namba hizo ili rangi fulani ikae vizuri, na nyingine itasogea. Hazikai zote sawa chini ya kila mwanga, kwa hiyo mhandisi lazima achague zipi azilinde. Na mwamba ngoma huvutia kwake: zinazolindwa kwanza ni zile ambazo mnunuzi akiziona zimekosewa atalalamika, yaani ngozi, anga na majani.

Zambarau haimo kwenye orodha hiyo, na mimi ndiye ninayeteseka nayo. Nililetewa picha za wasimamizi wa harusi waliovaa magauni ya zambarau, pamoja na kipande cha kitambaa chenyewe ili nihakikishe. Kwenye kamera moja magauni yalikuwa ya bluu, bluu kabisa, hata mwenye harusi aliuliza kama ni sherehe yake. Kwenye nyingine yalikuwa zambarau iliyofifia. Kitambaa nilikuwa nacho mkononi, na hakikufanana na picha yoyote. Sababu si siri. Zambarau nyingi, za vitambaa na za maua, hurudisha bluu pamoja na nyekundu ya mwisho kabisa wa upinde, ile inayopakana na mwanga wa infraredi usioonekana. Mbele ya kihisi kuna kioo cha kuzuia infraredi, na kioo hicho kikikata mapema kinaondoka na sehemu ya nyekundu hiyo. Inabaki bluu. Kikilegezwa nacho kinaleta balaa lake. Leica walipotoa M8 mwaka 2006 kioo chao kilikuwa chembamba mno, nguo nyeusi za nyuzi za viwandani zikawa zinatoka na uzambarau, na kampuni ikalazimika kuwapa wanunuzi vichujio vya kufunga mbele ya lenzi. Kamera ya bei kubwa hivyo, na suti nyeusi inaishinda!

Lakini hayo ni mambo ya pembeni. Sehemu kubwa ya kile ambacho mwandishi wenu alikiita rangi ya kampuni haitoki kwenye kihisi. Sony hutengeneza vihisi vinavyotumiwa na kampuni nyingine kadhaa, Nikon na Fujifilm zikiwemo, na sijawahi kukutana na mpigapicha anayesema kampuni hizo tatu zina rangi moja. Tofauti inaingia baadaye, pale kamera inapotengeneza JPEG, faili la picha iliyokwisha kuandaliwa. Kila kampuni ina mapishi yake na jina lake: Canon wana Picture Style, Nikon wana Picture Control, Sony wana Creative Look, Fujifilm wana Film Simulation. Humo ndimo mlimo uamuzi wa nyekundu isogee kuelekea chungwa au waridi, vivuli viwe na ubaridi kiasi gani, kijani ikolee au itulie. Wapigapicha husema Canon inaupa uso wekundu wenye joto, Nikon inaelekea unjano, Sony za miaka ya nyuma zilikuwa na ukijani kwenye ngozi. Ukiangalia JPEG za mipangilio ya kiwandani, maneno hayo yana ukweli ndani yake. Ila chukua kamera moja tu ya Fujifilm, piga kwa Velvia, kisha piga kwa Classic Chrome. Ya kwanza imepewa jina la filamu yao ya mwaka 1990, kipenzi cha wapiga mandhari kwa rangi zilizokolea. Ya pili, iliyokuja mwaka 2014, imetulia mpaka inakaribia kupauka. Utaona tofauti kubwa kuliko ya kampuni na kampuni, na hujabadilisha hata lenzi.

Sasa fanya ninavyofanya mimi. Waombe wapigapicha mafaili ya RAW, ambayo kamera haijayapitishia mapishi yake. Faili la biti 14 lina ngazi 16,384 kwa kila rangi, JPEG ina 256, kwa hiyo nafasi ya kusogeza rangi bila kuiharibu ipo. Yafungue yote kwenye programu moja, yape profaili (kanuni za kutafsiri rangi) za aina moja, gusa kadi ya kijivu iliyopigwa kwenye mwanga uleule ili programu ijue kijivu ni ipi, sawazisha mwangaza. Tofauti zinapungua mno. Hazikwishi, nimeshasema juu ya zambarau, lakini nimewahi kuwawekea wapigapicha picha zao wenyewe bila majina na wakabishana ipi ni ya nani. Hao ni watu ambao wangeapa kwamba wanaitambua kamera yao wakiwa mlango wa pili.

Kuhusu ule "unjano" wa picha ya tatu, ningependa kujua kama picha ilipigwa ndani ya nyumba. Balbu za zamani za waya zina joto la rangi la karibu Kelvini 2,800, jua la mchana ni kama 5,500, na kivulini huweza kupita 7,000; namba ikishuka mwanga unaelekea unjano, ikipanda unaelekea bluu. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe kuna mahali inaamua ibakize hali ya taa na kuna mahali inaamua ifanye nyeupe iwe nyeupe tupu. Canon na Nikon wote wameweka chaguo hilo kwenye menyu ya modeli zao nyingi, uchague mwenyewe kama unataka nyeupe safi au joto la taa libaki. Kitufe kimoja hicho kinatosha kuigeuza hukumu ya mwandishi wenu juu chini.

Kilichonifanya nichukue kalamu hasa ni ngozi. Mtu wenu wa mfano alikuwa mmoja, wa rangi moja, na kutokana na uso wake makala ikasema kamera fulani "ni bora kwa ngozi". Ya nani? Hili jambo lina historia. Katika miaka ya 1950 Kodak walizipelekea maabara za kusafisha picha kadi za kusawazishia rangi zilizokuja kuitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wao aliyepigwa picha ya mwanzo, mwanamke mweupe. Uso wake ukitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Watu weusi walitoka meno na macho. Inasimuliwa kwamba filamu ilianza kurekebishwa kwa bidii pale walipolalamika watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa kuwa kahawia za bidhaa zao hazikuwa zinatofautishika. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilichelewa mpaka miaka ya 1990. Kwenye simu, Google walileta Real Tone, marekebisho ya kamera ili ngozi za rangi zote zitoke vizuri, mwaka 2021 pamoja na simu ya Pixel 6, na mwaka uliofuata wakatoa kipimo cha ngozi chenye ngazi 10 alichokibuni Ellis Monk, mwanasosholojia wa Harvard. Kwa hiyo anayedhani mambo haya yalikwisha pamoja na filamu hajafuatilia.

Nieleze ninachokiona mezani. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja maji ya kunde, mwingine mweusi wa kung'aa, wamekaa chini ya turubai la bluu, mbele yao nyasi zilizopigwa na jua. Uso wa yule mweusi una rangi nyingi kwa pamoja: paji lina mng'ao wa bluu ya turubai, shavu lina wekundu wa kahawia uliotoka ndani, chini ya kidevu nyasi zimetupia kijani. Ndivyo alivyokuwa pale, na ndio uzuri wenyewe. Kamera moja, ambayo siitaji, iliona rangi hizo zote ziko jirani na "ngozi" ikazivutia upande mmoja, kwenye kahawia ya wekundu. Mng'ao ukawa kijivu, shavu likawa la udongo, na wale ndugu wawili wakatoka na ngozi moja. Kwa mtu asiyewajua, picha ilikuwa nzuri kabisa. Mama yao aliniuliza kwa nini nimewapaka.

Jingine ni mwangaza. Bibi harusi amevaa nyeupe, kamera inaogopa nguo isiungue, inapunguza mwanga, uso unazama. Baadaye unaupandisha kwenye kompyuta, na ngozi nyeusi iliyopandishwa kutoka gizani hutoka na ukijivu au ukijani. Mtazamaji atasema kamera ina rangi mbaya, kumbe mpigaji angeongeza mwangaza kidogo tangu mwanzo.

Kwa hiyo, Mhariri, safari ijayo chini ya kila picha andikeni mwanga gani, mizani ya weupe ipi, JPEG au RAW, na mapishi gani yalichaguliwa kwenye menyu. Katika kila seti wekeni picha moja ya kadi ya rangi yenye miraba 24. Imekuwepo tangu 1976, mwaka uleule wa hataza ya Bayer, na haijapata mpinzani wa maana. Wekeni nyuso zaidi ya moja, na mojawapo iwe nyeusi kwelikweli. Tena msitegemee kurasa za gazeti kutuonyesha tofauti hizo. Karatasi yenu ina ukijivu, inafyonza wino, na mtambo una wino nne tu. Unjano aliouona mwandishi kwenye skrini yake mimi sikuuona kabisa kwenye nakala yangu, niliona picha nne zenye ukungu. Ziwekeni mtandaoni, kwa sRGB, ule mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini, tuzipakue tuzifungue wenyewe.

Na kama mwandishi bado ana mafaili ya RAW ya zile picha nne, anipatie. Nitayasawazisha bure, nimrudishie bila majina, aseme tena ipi ndiyo yenye rangi halisi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mrekebishaji picha