Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka 2024: Mambo ya Chama na Ile Safari ya Mombasa

Wanachama wapendwa wa chama chetu cha Kiswahili hapa Kampala, habari za siku nyingi.

Namshukuru Mungu mwaka umeisha tukiwa hai. Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha: darasa la Jumamosi liliendelea, tarehe 7 mwezi wa saba tuliadhimisha Siku ya Kiswahili, misiba miwili tulihudhuria, harusi moja tulichangia. Hayo yamepita vizuri.

Sasa safari. Najua ndio mnangojea, na maneno yaliyosemwa kwenye grupu yote nimeyasoma. Ni kweli mlipiga kura tuende Zanzibar na kamati ikabadilisha tukaenda Mombasa. Waliojiandikisha walikuwa 31, wenye pasipoti 9 tu, na Tanzania huvuki kwa kitambulisho cha taifa peke yake, lakini Kenya tangu 2014 tunavuka na kitambulisho cha taifa. Sasa ningewaacha watu 22 Kampala ili 9 wakaone Unguja? Hapana, chama ni cha wote.

Lawama kubwa zaidi ni ya kulala. Eti mwenyekiti amewanyima bahari, mtu amelipa shilingi 450,000 za Uganda halafu analazwa kwenye vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa badala ya hoteli ya bichi kule Diani. Hilo lilikuwa wazo langu mimi, si la kamati, na hata kesho ningefanya vilevile. Mchanga hata Entebbe upo. Hoteli za bichi zinalisha watu wengi sana pwani na sizidharau, lakini ukikaa humo unakula bafe, unaongea Kiingereza na weita, unarudi nyumbani hujakaa na Mswahili hata mmoja, sasa chama cha Kiswahili kimeenda kufanya nini? Na tena ilikuwa mwezi wa nane, kusi inavuma, bahari imechafuka. Siku ya tatu si niliwapeleka Bamburi, tukakuta maji yamekupwa, mkatembea kwenye mwani mpaka mkachoka?

Ngome ya Fort Jesus mliiona, Wareno walianza kuijenga 1593, UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia 2011, picha mnazo. Lakini mimi nilichotaka muone ni ule mtaa wa Ndia Kuu asubuhi. Wengi mlidhani kibao kimekosewa mkanicheka, kumbe kwa Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, njia ni ndia, macho ni mato. Yule binti wetu wa darasa la Jumamosi alisimama kwa mama anayekaanga viazi karai, mama akamuuliza kwa upole "mbona wateka?" na binti akashtuka, maana huku kwetu kuteka ni kuchota maji au kukamata mtu kwa nguvu. Kumbe kule ni kucheka! Mama alimvutia kigoda, akamwekea viazi na chatne ya ukwaju, wakakaa pale kama saa nzima anamfundisha maneno. Hilo darasa kwenye hoteli ya bichi lingetoka wapi?

Au yule mzee wa kahawa, amebeba dele lake la shaba lenye makaa chini, anagonganisha vikombe vidogo mkononi watu wajue anapita. Mmoja wetu (simtaji) akamwambia kwa haraka "wewe, lete kahawa", mzee hakukasirika, akamwambia "keti kwanza mwanangu, kahawa haitoroki." Mwenzetu akakaa barazani na wazee wanaocheza bao, akaamkia, akapewa kahawa chungu na kashata, akauliza bei akaambiwa leo wewe mgeni. Mimi nilikuwa hapo nimesimama na machozi yalinilenga.

Nasema haya kwa sababu sisi Uganda tunajua Kiswahili kimepita wapi. Amin alikitangaza lugha ya taifa 1973 na watu wakakisikia kwa askari, mpaka leo kuna wazazi wanakiita lugha ya wezi na jeshi, hata baada ya baraza la mawaziri kupitisha 2022 kifundishwe kwa lazima mashuleni. Mtoto wa hapa akisikia Kiswahili wazee wake wanakumbuka rodibloku za askari. Pale Mji wa Kale watoto wetu walikisikia kikibembeleza mtoto, kikiuza samaki, kikimkanya mtu kwa adabu. Ndio maana sijutii.

Hesabu: michango 13,950,000, matumizi 14,600,000 basi, malazi na chakula. Pengo la 650,000 nilitoa mfukoni kwangu na sijadai hata shilingi.

Jambo linaloniuma ni mahudhurio. Mikutano 12, akidi ilitimia mara 5 tu, mara moja tulikuwa watu sita na viti hamsini vimepangwa. Wanaolalamika sana kuhusu uamuzi wa kamati ndio hao hawakuja siku ya uamuzi. Ada ni 120,000 kwa mwaka: kati ya wanachama 64 waliomaliza 23, waliolipa nusu 17, na 24 hawajatoa hata senti. Tumekusanya 3,780,000, ukumbi peke yake umekula 1,800,000. Ndugu zangu, kwa hali hii darasa la watoto litafungwa.

Mwakani Mungu akipenda tufikirie Lamu, tuone kama tutapata pia vitabu vya darasa, na Zanzibar kwa watakaokuwa wamechukua pasipoti.

Mwisho, leso. Mnakumbuka wenyewe kule Biashara Street jinsi muuzaji alivyokunjua doti (leso pea moja) na kuwasomea jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, kabla hajataja bei, mkaagizia na wenzenu waliobaki. Doti 14 nilizibeba mimi kwenye begi langu. Tatu bado ziko kwa mweka hazina, hazijapindwa na hazijalipiwa, wenyewe waje na hela Jumamosi.