Mwanangu, mafuta ya alizeti sitayamwaga

Mwanangu Baraka,

Marahaba. Huku Singida hatujambo sote, na bibi yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma: eti mafuta ya mbegu ndiyo yanayoleta kisukari, nimwage ya alizeti nimpikie bibi kwa mafuta ya nazi, na vidonge vyake niviweke kando anywe mafuta ya habasoda. Najua umeandika kwa kumpenda. Lakini sikubaliani nawe.

Wanaoeneza maneno hayo, lawama yote wanaitupia asidi ya linoleiki, aina ya mafuta iliyomo kwenye mbegu. Kweli imo, tena katika alizeti ya kawaida hupita nusu ya mafuta yote. Wanadai inaufanya mwili usiisikie insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Basi watu wamepimwa. Mwaka 2017 watafiti waliunganisha tafiti 20 za nchi 10, watu karibu 40,000 ambao mwanzoni hawakuwa na kisukari. Waliangalia linoleiki iliyomo miilini mwao, kisha nani aliugua baadaye. Wenye nyingi ndio walioupata ugonjwa kwa uchache. Siyo ushahidi kwamba alizeti ni dawa, maana huenda watu hao walikula vizuri na mengine. Lakini ingekuwa sumu kama unavyoambiwa, hesabu ingeelekea upande wa pili.

Na kuna jaribio la Uppsala, Sweden, la mwaka 2014. Vijana 39 wasio wanene walilishwa keki za ziada kila siku kwa wiki saba, wengine keki za mafuta ya alizeti, wengine za mawese. Uzito uliongezeka sawasawa, kama kilo moja na nusu hivi. Ila waliokula za mawese maini yao yalijaa mafuta zaidi. Ini likijaa mafuta haliitii tena insulini, linaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata mtu akiwa amelala na njaa. Ndiyo ile sukari ya alfajiri inayomsumbua bibi. Na hayo ya nazi unayoyasifu, mafuta yake ya kuganda yanazidi hata ya mawese.

Usisahau lakini kwamba wote walinenepa. Kijiko kikubwa cha mafuta, yawe ya mbegu gani, kina kalori kama 120. Kwa hiyo siku hizi simimini kutoka kwenye dumu. Mchicha wa watu wanne naupimia vijiko viwili, basi. Bibi alinung'unika wiki ya kwanza, sasa anakula. Na ugali wake ni wa dona, tonge dogo, mboga nyingi. Hapo ndipo sukari yake ilipoanza kushuka.

Kinachonitia hofu ni chipsi unazokula usiku pale kituoni. Linoleiki haivumilii moto wa kurudiwarudiwa. Mafuta yakichemka mchana kutwa, kesho yakaongezewa mapya juu ya ya jana, hutoa kemikali ziitwazo aldehidi ambazo zinadhuru mwili. Chungulia karai kabla hujaagiza. Ukiona mafuta meusi, yanayonata ukingoni, yenye povu lisilokatika na moshi kabla viazi havijaingia, pita uende zako. Nakuomba sana, baba yako na bibi yako wote wana kisukari, na wewe damu ni hiyohiyo.

Habasoda siidharau. Kuna majaribio madogo yaliyoonyesha inashusha sukari kiasi, ila wengi walikuwa wakiendelea na dawa zao za hospitali. Bibi anatumia vidonge viwili vya kisukari, metformini na glibenklamaidi. Hiyo ya pili yenyewe inaweza kushusha sukari mpaka mtu akatetemeka na kuanguka, sasa ukiiongezea habasoda bila kliniki kujua, nani atamnyanyua usiku? Na ukimwachisha vidonge, itapanda. Nitamwuliza daktari siku ya kliniki. Mpaka hapo, chupa uliyotuma iko kabatini.

Nimekuwekea dumu la lita tano la alizeti tuliyokamua wenyewe. Limetulia, uchafu wote umeshuka chini, nimemimina yaliyo safi tu. Lifunge vizuri, liweke gizani mbali na jiko. Haya ya kukamua hutoa moshi upesi, yatumie kwa mboga na moto wa wastani, usikaangie.

Ukija Desemba mletee bibi vijiti vya kupimia sukari, huku vinaadimika. Picha ya boksi nitakutumia leo jioni ili usinunue vya mashine nyingine.

Mama yako