Kazi ya mapiko (vinyago vya ngoma vya Kimakonde) Jumamosi: mahali pamebadilika

Habari za jioni, ndugu zangu. Poleni na majukumu.

Jumamosi hatukutani tena pale kibandani kando ya barabara ya Newala. Wazee wamekumbusha, na nakubaliana nao kabisa: lipiko (kinyago kimoja) halichongwi mbele za watoto ambao hawajaingia jandoni. Tutakuwa nyuma ya nyumba ya Mzee Mwenyekiti, chini ya mkorosho, saa 2:00 asubuhi kamili.

1. Mchango ni Sh 10,000 kila mmoja, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni. Ni wa nta ya nyuki, rangi, vitambaa vya kufunika shingo na chakula cha mchana.

2. Wachongaji njooni na tezo na patasi zenu, zikiwa zimenolewa. Magogo yapo, ni mti mwepesi. Mpingo tuuache kwa vinyago vya kuuza. Mchezaji hawezi kuubeba kichwani ngoma nzima. Tafadhali msichimbe tundu la kichwa haraka: lipiko linavaliwa kama kofia na mchezaji anaona kupitia mdomoni, kwa hiyo wachezaji lazima wawepo wapimwe vichwa.

3. Vijana wa kinyozi, tuleteeni nywele safi za kubandika. Chale za uso wa lipiko tutaziweka kwa nta, wazee wataelekeza.

Wapiga ngoma mje saa 8:00 mchana.

Naomba kila mmoja ajibu hapa "NAKUJA" au "SITAKUJA" kabla ya kesho saa 2:00 usiku, ili mama zetu wajue wapike kiasi gani. Asanteni sana.