Kulala sio kupumzika jamani

Mhariri, salamu kutoka Mbeya, baridi ya mwezi wa saba imeshatukamata huku. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua.

Mimi naendesha bajaji, Kabwe Uyole, saa kumi na moja alfajiri niko barabarani mpaka saa tatu usiku, na hesabu ya bosi, ile hela ya kumpelekea kila siku, haijali kama abiria walikuwepo au hawakuwepo. Jumapili nampa deiwaka, dereva wa kunishikia siku moja, mimi nalala. Nalala kweli, mpaka saa sita, nikiamka nashika simu, video moja inaita nyingine, jioni mechi kibanda umiza, Jumatatu naamka nimechoka kuliko Jumamosi. Nikajua malaria hii, nikapima, hamna. Mwezi wa tano nimekaa zangu kijiweni tu moyo ukaanza kwenda mbio, ikabidi niende zahanati.

Daktari akapima, presha imepanda kidogo, akaniuliza mara ya mwisho nimekaa bila kufanya kitu ni lini. Nikakosa jibu. Akanielezea kidereva dereva: mwili una mafuta na una breki. Ukishtuka, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakimbia, misuli inakaza, na kwa mwili meseji ya bosi usiku haina tofauti sana na fuso lililokata breki mteremko wa Iwambi. Breki ni mshipa wa fahamu mrefu unaitwa vegasi, unatoka kwenye ubongo unashuka mpaka kifuani na tumboni, na ukitoa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyovuta, unauambia moyo punguza. Basi navuta nahesabu nne, natoa nahesabu sita, dakika tano, macho kwenye kitu kimoja, akili ikikimbilia hesabu nairudisha tu bila kuigombeza. (Ila moyo ukikusumbua kapime kwanza, usijitibu na barua yangu.)

Jirani yangu mlokole kasema hayo ni mambo ya mapepo ya Kihindi. Ni kweli asili yake ni kwa Wabudha, sifichi, ila mwaka 1979 mtafiti mmoja, Jon Kabat-Zinn, kule Massachusetts, Marekani, aliyaingiza hospitali bila dini, mafunzo ya wiki kadhaa kwa watu wenye maumivu yasiyoisha. Na pumzi kwani ni ya dhehebu gani?

Halafu bibi yangu Tukuyu hajasoma hayo yote. Anakaa kwenye kigoda anamenya ndizi, ni ndizi tu anazomenya, hawazi kingine, mvua ikija anaiangalia. Sisi Wanyakyusa salamu yetu ya asubuhi ni "ugonile", yaani umelala? Nikaitikia mwezi uliopita, akaniangalia akasema we hujalala wewe.

Ninachoomba kwa mabosi wenye bajaji, siku moja kwa wiki isiwe na hesabu wala simu za "uko wapi", maana dereva ambaye mwili wake haujawahi kushika breki ndio huyo anawabeba wanenu shule. Na wenzangu wa kijiweni, ile spika tuipunguze japo mchana, nusu saa.

Jumapili hii naenda kwa bibi. Simu naiacha Mbeya.

Dereva bajaji, Kabwe, Mbeya