Barua kwa Shangazi, kuhusu ile mashine ya goti

Shikamoo Shangazi.

Juzi ulinipigia simu ukiwa na furaha. Umetoka kuwekewa ultrasaundi kwa mara ya sita kwa ajili ya goti lako lililochakaa, sasa ni jepesi, umeshuka ngazi bila kushika ukuta. Kesho yake sauti ilikuwa nyingine: limerudi palepale, labda waniongezee siku. Tangu hapo jambo hili halinitoki moyoni. Ninaliandika hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako unayelala pale ukipakwa jeli huku ukiomba Mungu safari hii liwe limepona.

Kwanza, hiyo si ultrasaundi ya kupiga picha ya mimba au figo, ingawa jina ni moja. Hii haioni chochote ndani ya goti. Kile kichwa cha mashine kina kipande kinachotetemeka kikipata umeme, mara milioni 1 hadi 3 kwa sekunde, wakati sikio la binadamu huishia kama 20,000. Mtetemo huo hutoa mawimbi ya sauti: ya milioni 1 huzama mwilini sentimita kadhaa, ya milioni 3 huishia karibu zaidi na ngozi. Jeli ni ya kuziba hewa, maana hewa huyarudisha mawimbi yalikotoka. Yakitolewa mfululizo hupasha nyama joto. Yakitolewa kwa kukatizwa, joto huwa dogo sana. Tumaini la walioileta ni kwamba joto na mtetemo vitachangamsha damu na kuusaidia mwili ujitengeneze.

Tumaini hilo limepimwa, Shangazi, na namna lilivyopimwa ndiyo iliyonibadilisha mimi. Kwa kuwa mawimbi haya hayasikiki, na mara nyingi mgonjwa hahisi kitu zaidi ya kichwa cha mashine kikizungushwa, watafiti waliweza kuwagawa watu makundi mawili. Wote walipakwa jeli, wote walizungushiwa kichwa kile juu ya goti, lakini kwa kundi moja mashine haikutoa mawimbi. Kisha wote wakaulizwa maumivu yamefikia wapi. Mwaka 2001 watafiti wawili, Robertson na Baker, walichambua majaribio ya ultrasaundi kwa maumivu na majeraha ya aina mbalimbali. Kati ya 35 waliyoyakuta, 10 tu ndiyo yalikuwa na ubora wa kutosha, na katika 8 kati ya hayo mashine iliyowashwa haikuishinda iliyozimwa. Mwaka 2010 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, walitazama magoti na nyonga zilizochakaa. Walipata majaribio 5 madogo, yote ya goti, watu 341 kwa jumla. Walisema huenda inapunguza maumivu, lakini kazi zenyewe zilikuwa dhaifu kiasi kwamba hawakuweza kujua ni kwa kiasi gani. Na mwaka 2022 NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, iliwaambia wahudumu wasiitoe ultrasaundi kwa uchakavu wa viungo, kwa kuwa ushahidi hautoshi.

Tafadhali usinielewe vibaya. Sisemi nafuu uliyoipata ni ya kuwazia. Ulishuka ngazi kweli. Lakini watu waliozungushiwa mashine isiyotoa mawimbi nao hupata nafuu, na ni nafuu ya kweli pia. Umelala, umepumzisha mguu, mtu mwenye utaalamu ameligusa goti lako kwa upole na kukusikiliza. Mwili hulipokea hilo. Tena maumivu ya goti lililochakaa hupanda na kushuka yenyewe, na sisi hukimbilia tiba siku yamepanda sana, kwa hiyo yakishuka tunaishukuru mashine. Hata mimi ningeishukuru.

Kinachoniumiza ni yale maneno ambayo watu huambiwa, kwamba ute wa goti umekwisha na mashine itaurudisha. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba inafanya hivyo, wala kwamba inaotesha upya gegedu iliyolika, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti. Na uchakavu si wa gegedu tu. Mfupa ulio chini yake hubadilika, utando wa ndani huvimba, na misuli ya paja hulegea kwa sababu tunaacha kuutumia mguu unaouma. Hapo kwenye paja ndipo penye nafasi yako.

Mwaka 2015 Cochrane walikusanya tafiti 54 za mazoezi kwa goti lililochakaa. Kwa kipimo cha 0 hadi 100, mazoezi yalishusha maumivu kwa wastani wa alama 12, na sehemu ya nafuu hiyo iliendelea miezi kadhaa baada ya programu kwisha. Si muujiza. Ila ni ushahidi wa watu wengi zaidi, na hauhitaji ulale. Kaa kwenye kiti kigumu, simama polepole bila kushika kitu, kaa tena polepole. Ukishindwa, tumia kiti kirefu zaidi. Au nyoosha mguu ukiwa umekaa, kaza paja, hesabu hadi tano, ushushe. Goti litauma kidogo mwanzoni, na hilo halimaanishi linasagika. Likiwa linauma zaidi hata kesho yake, punguza idadi, usiache.

Uzito najua hupendi tuuzungumzie, nitasema mara moja tu: kila kilo 1 mtu mnene anayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua.

Ukiamua kuendelea na mashine, sitakukataza. Kwa goti la kawaida haina hatari kubwa mikononi mwa anayeijua. Ila mwambie kila kitu kabla hajaanza: kama umewahi kuwa na saratani au damu iliyoganda mguuni, kama una kifaa cha moyo au goti la bandia, kama ngozi ya mguu ina ganzi. Na goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto huku una homa, au likakwama lisinyooke, hilo si la kusubiri zamu ya mashine. Muone daktari siku hiyohiyo.

Zamu yako ijayo muombe mtaalamu muda ule wa jeli akuoneshe mazoezi, akutazame ukisimama na kukaa, akurekebishe. Utaalamu wake mkubwa uko hapo. Kisha unipigie jioni uniambie umeweza mara ngapi. Nami nitakuwa nimeshika kiti changu huku, tusimame pamoja simu ikiwa sikioni.