Kanda ile uliyoondoka nayo

Miembeni, Unguja
Jumapili, baada ya Isha

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta buheri wa afya, wewe na wanao na wajukuu, na goti lako pia, maana nasikia nalo siku hizi lina mambo yake. Sie huku hatujambo, ila joto na umeme, na hayo mawili unayajua tangu hujaondoka.

Utashangaa kuona karatasi. Ule ujumbe wako wa sauti ulioniletea baada ya msiba wa mama niliusikiliza mara tatu siku ile ile, nikalia, nikasema kesho nitamjibu, na kesho hiyo imekuwa miezi saba. Nisamehe. Sina la kujitetea. Na leo nakuandikia kwa kalamu kwa sababu sina ruhusa ya kusema. Usishtuke, si maradhi ya kutisha. Sauti ilianza kukwaruza tangu zile harusi za baada ya Idi. Juu haipandi, nikifika kwenye kiitikio inakatika kama uzi mbovu. Mie nikasema mafua. Nikanywa tangawizi, nikatafuna karafuu, nikalamba asali, kila jirani akaja na dawa yake na hadithi ya mtu aliyepona nayo. Mwisho nikaenda kwa daktari wa koo. Akanipitisha mpira mwembamba puani, wenye taa, akanionyesha kwenye kioo: vinundu viwili vimeota kwenye nyuzi za sauti, kimoja huku kimoja huku, vinatazamana kama majirani waliogombana. Sugu tu hiyo, akasema, kama sugu ya kiganja cha mkulima. Dawa yake ya kwanza ni kunyamaza siku 14. Na kunong'ona pia marufuku! Ati kunong'ona kunaweza kuzichosha zaidi.

Hebu nifikirie mie, shoga, siku 14 bila neno. Wajukuu wamefurahi mpaka aibu. Wamenipa kiubao cha shule na chaki, nikiwaandikia "fungeni mfereji" wanakaa wananisahihisha hati. Muuza samaki naye ananiuzia atakavyo, maana kupatana bei kwa vidole kuna mwisho wake.

Leo siku ya tisa. Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu.

Siku ya nne mjukuu wangu mdogo alikaa mlangoni na simu, anapiga nyimbo zangu, zile nilizorekodiwa kwenye harusi ya Kwahani mwaka jana. Sauti yangu imejaa nyumba nzima, na mwenyewe nimekaa kimya mkekani nachagua mchele. Nikasema moyoni, nikifa leo watoto hawa watanisikia mpaka wachoke. Hapo hapo nikamkumbuka mama. Nikashika simu yangu nikaipekua, nikapekua ya mwanangu, jioni nikamwandikia dada naye apekue yake. Picha zipo tele: za Idi, za harusi, ile aliyokasirika kwa sababu mtandio haukukaa vizuri. Sauti hakuna. Hata moja. Unajua alivyokuwa na simu, ukimpigia anakujibu "haya nimesikia" na keshakata kabla hujasema ulichompigia. Miezi saba tu, shoga, na tayari najilazimisha kukumbuka alivyokuwa akiniita kutoka jikoni.

Ndipo nikaikumbuka ile kanda.

Unaikumbuka? Mwaka 1988, redio kaseti ya kaka yako, ile kubwa ya milango miwili. Tuliipandisha ngazi za Michenzani mpaka ghorofa ya nne, wewe umeikumbatia kama mtoto mchanga, mie nyuma na ndoo ya maji kwa kuwa juu yalikuwa hayapandi. Wimbo katutungia Fundi. Tulikuwa tuurekodi tumpelekee yule bwana wa kikundi, atusikie kwanza kabla hajatuona, kwa sababu akituona atatuambia turudi shule. Wewe umeshika kopo la maziwa, ndiyo kidumbak chetu, ile ngoma ndogo, na mtungi wa maji ndiyo sanduku la besi. Beti la kwanza likaenda. La pili likaenda. Tunaingia kwenye kiitikio, mama huyo kutoka jikoni: "Nyie wasichana, wimbo haushibishi, mchele kachagua nani?"

Wewe ukaanza kucheka. Mama naye akacheka, kicheko chake kile cha kuvuta pumzi kwanza. Halafu, na hili ndilo ninalolitaka mie, akauliza, "Ndivyo unavyokwenda huo?" akaimba kiitikio, mstari mmoja, kwa mahadhi yake mwenyewe, wala hakukipatia. Nikabonyeza kitufe kwa hasira. "Umeniharibia kanda, mama!" Nilimwambia hivyo, kwa sauti, mbele ya mgeni. Nikanuna mpaka usiku na mchele sikuuchagua, akauchagua yeye.

Wewe ulikuwapo, kwa hiyo sikuhadithii, nakukumbusha tu. Au najikumbusha.

Nina sababu ya kuogopa. Baba alipokufa mie nilikuwa wa miaka sita. Alikuwa mchukuzi bandarini, na watu wazima wote wa mtaani walikuwa wakiniambia kwamba gari la hamali likikwama na magunia yake, baba ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo na wenzake wanamwitikia, na gari linakwenda. Ndiyo urithi wako huo, wananiambia. Urithi gani, shoga, na mie sikumbuki hata neno lake moja? Nakumbuka fulana yake inanuka karafuu. Nakumbuka vidole. Ukiniletea leo watu kumi waseme nyuma ya pazia, na yeye yumo, simjui. Mpaka leo nikipita penye majamvi ya karafuu zimeanikwa pua inamjua, masikio hayamjui. Sasa mama naye naona anaelekea njia hiyo hiyo, na huyu nimekaa naye miaka zaidi ya hamsini.

Huwa najiuliza kama ndiyo maana mama hakupenda niimbe. Watu walidhani ni dini, na yeye akawaacha wadhani. Lakini mwanamke aliyefiwa na mume anayeimba, halafu mtoto anaanza naye... Sikumuuliza. Alikuwa akishona kofia zake pale dirishani, anatoboa viua kimoja kimoja, kofia moja mwezi na zaidi, na mie nikianza kuimba sindano inasimama. Nilidhani nimemkera.

Kofia zenyewe nyingi zilikuja huko kwenu Maskati, mnaziita kumma. Basi kuna mzee anapita sokoni Matrah saa hizi, kichwani kavaa macho ya mama yangu, maana macho aliyamalizia humo. Ukimwona mtu na kofia kuukuu yenye viua vya nyota nane mtazame vizuri. Usimwambie kitu, atadhani una wazimu.

Kaka yetu mkubwa naye kanichosha. Tangu arobaini ilipopita, kila akija anakaa, anakunywa chai, anasema kukwama kwa sauti ni ishara, niache sasa, nizifute na hizo zilizorekodiwa zisije zikanifuata kaburini. Safari hii alinikuta siwezi kumjibu, akasema kwa starehe mpaka birika likaisha. Niliandika kwenye kiubao "mama alinitunza". Akanitazama hakuelewa.

Hata wewe sikukuhadithia, ulikuwa umeshaondoka. Ilikuwa harusi Mwembetanga, mwaka 1992 nafikiri, ukumbi umejaa, kinamama wanakuja mbele na noti zao, wanacheza, wanaweka, wanarudi, kila mmoja na ujumbe wake kwa mwenzake, unawajua. Nikaona mtu anakuja taratibu hachezi. Buibui lake nikalijua kabla sijamjua yeye. Mama hajapata kukanyaga ukumbi ninaoimba. Akanikabidhi noti ya mia mbili iliyokunjwa mara nne, akanisogelea sikioni akasema neno, na fidla pale ilikuwa juu sikulisikia. Akarudi akakaa. Nyumbani nikamuuliza, "Ulinambia nini?" Akasema, "Kama hukusikia basi." Shoga, huyo ndiye mama. Neno hilo kaondoka nalo.

Kwa hiyo kaka na aseme. Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, aliambiwa mangapi, na alikwenda kupokea tuzo ya WOMEX, ile ya muziki wa dunia, mwaka 2005 akiwa kikongwe ambaye mwaka wake wa kuzaliwa hakuna aliyeujua, akaendelea na ngoma yake karibu mpaka Mungu alipomchukua Aprili 2013. Na kabla yake Siti binti Saad, mwana wa Fumba, mfinyanzi, kaingia mjini kuuza vyungu, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kutiwa kwenye santuri. Kafariki 1950, mie wala mama hatujajuana. Na jana usiku kwa kuwa sikuwa na la kusema niliipiga santuri yake kwenye simu ya mjukuu, ikakwaruza, ikakwaruza, sauti ikatoka. Siti namsikia. Mama aliyenizaa simsikii. Nilizima nikalala.

Ndiyo nakuomba kanda hiyo.

Sasa kuna jambo linaniuma na lazima nikuungamie, maana wewe ukiitazama utaliona. Unajua kanda nyuma ina vile vijimeno viwili vya plastiki, ukivivunja haiwezi kurekodiwa tena. Tulivivunja siku ile ile, wewe kwa pini ya nywele. Lakini mwaka 1990, kabla hujaondoka, redioni walipiga Ummu Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, usiku mmoja na mie sina kanda tupu. Nikachukua ile. Nikaziba kitobo kwa karatasi ya sigara, nikarekodi. Upande gani, sikumbuki! Najiambia niligeuza. Kila usiku najiambia niligeuza, mie si mjinga kiasi hicho. Halafu nakumbuka nilivyokuwa nimeichukia kanda ile, imeharibika, ina mama ndani yake anauliza mchele, na naogopa kwamba sikujisumbua kugeuza. Ulipofunga mizigo 1991 ukaniuliza na hii je, nikakwambia ichukue, mie siitaki. Hayo ndiyo maneno niliyosema.

Basi ukiipata, fanya hivi. Nimezungumza na fundi wa Darajani anayehamisha kanda kuziweka kwenye flashi, yaani mjukuu kazungumza na mie nimeandika. Anasema usiiweke kwenye mashine yoyote ya zamani, hata ukiwa na hamu, kwa sababu mpira wa mashine ukiwa umelainika utaimeza utepe na hapo tumekwisha. Ishike kwenye mwanga uitazame kwenye kidirisha. Ukiona unga mweupe ni ukungu, iache. Tazama pia kile kijisponji kidogo cha mbele kama bado kipo, kikibanduka si neno, atakibadilisha. Usiizungushe kwa nguvu. Usiiache garini, joto lenu linayeyusha watu seuze kanda. Ifunge kwenye kitambaa, juu yake nailoni, umpe binti wa Mama Chuma anayekuja mwezi ujao. Umpe mkononi, aiweke kwenye mkoba wake wa mkononi. Usimpe yule bwana mwingine. Udi ulionitumia kwake ulifika robo, na aliniapia kwamba umepungua kwa hewa ya ndege.

Hebu niambie sasa. Unayo? Au ilipotea mlipohama ile nyumba ya kwanza? Lile sanduku lako la kanga za zamani bado lipo, na wanao hawajalifungua wakatupa "takataka za mama"? Kile kipande cha karatasi ya sigara kimo kwenye kitobo cha kulia au cha kushoto? Uliwahi kuisikiliza huko ugenini, japo mara moja, ukiwa umekumbuka nyumbani? Kama uliisikiliza, uliwasikia akina nani, sie au Ummu Kulthum? Na wewe una sauti ya mama yako mahali? Goti je, wameamua kukupasua au bado sindano? Na ni kweli nilivyosikia kuhusu Mzee wa Malindi kuoa tena, na kwa umri ule?

La mwisho. Mie nakumbuka mama alisema "Nyie wasichana". Lakini jana nimelala, ikanijia kama kwamba kabla ya hapo aliniita jina, lile la utotoni, analolivuta mwishoni. Hilo silikumbuki kwa yakini, labda nalitaka tu. Wewe ulikuwa karibu na mlango kuliko mie. Aliniita?

Nisalimie wote, mmoja mmoja.

Ni mie shoga yako wa ghorofa ya nne

Daktari atanitazama tena Ijumaa. Usinipigie kabla ya hapo, nitapokea halafu tutakaa tunasikilizana pumzi, na dakika za Maskati ni ghali.